Umehukumiwa? Usichelewe Kuchukua Fomu

Mheshimiwa mtarajiwa, pole kwa hukumu. Najua nyumbani wameanza kuulizia bei ya ng'ombe wa maziwa, eti siasa basi, mrudi shamba. Msiuze gari bado. Mwongozo huu ni wa mgeni wa mambo haya, yule anayeamini kwamba Sura ya Sita ya Katiba ya Kenya, ile ya uongozi na uadilifu, itamzuia.

Fungua Ibara ya 99. Kifungu cha pili usikisome, kitakutia kiwewe bure: kinasema aliye chini ya hukumu ya kifungo cha miezi 6 au zaidi hafai kugombea ubunge, wala aliyebainika kutumia vibaya ofisi ya umma. Ruka, nenda cha tatu. Hapo utakuta kwamba hakuna anayezuiwa mpaka nafasi zote za rufaa na marejeo ziishe. Kumbe ulichosomewa mahakamani ni rasimu tu! Kata rufaa mara moja, omba dhamana, kisha ugua. Ugua hasa siku za kusikilizwa kesi. Wakili naye mbadilishe kila mara, maana kila mpya ataomba muda wa kusoma faili.

Ukidhani natania, tazama Sirisia. Mwaka 2020 mahakama ilimtia hatiani mbunge John Waluke katika kesi iliyotokana na zabuni ya mahindi ya mwaka 2004, ikampa faini ya zaidi ya shilingi milioni 700 au miaka 67 jela. Alikata rufaa, akatoka kwa dhamana, na Agosti 2022 wapiga kura wakamrudisha bungeni. Hakuiba nafasi ya mtu, sheria ilimruhusu. Mwaka huohuo tume ya kupambana na ufisadi, EACC, iliipelekea tume ya uchaguzi majina 241 ya wawaniaji iliowatilia shaka. Wengi walipita.

Atatokea mjuaji akutajie sheria ya ufisadi ya mwaka 2003, inayomnyima aliyetiwa hatiani kwa ufisadi nafasi ya umma kwa miaka 10. Mwambie Katiba ndiyo kubwa, uendelee kunywa chai.

Mkutanoni usizungumzie ushahidi. Sema unaonewa, jamii nzima inaonewa, na umtaje Mzee Jomo Kenyatta: alihukumiwa Kapenguria kifungo cha miaka 7 mwaka 1953, na bado akaja kuwa rais. (Ni kweli, na ndiyo maana sikubaliani na wanaotaka kila mfungwa wa zamani afungiwe siasa maisha, serikali mbaya hufunga watu wema. Ila Mzee hakushtakiwa kwa fedha za mahindi.)

Jambo moja tu uliepuke: kuomba kazi ya ulinzi. Pale Huduma Centre utamkuta kijana amechovya vidole vyote kumi kwenye wino mweusi, anatafuta cheti cha polisi cha tabia njema ili akalinde geti. Kosa dogo la zamani likijitokeza, kazi ameikosa, na hakuna atakayemuuliza kama rufaa yake imeisha. Wewe usijishushe hivyo. Gombea, uwe unapitisha bajeti ya hilo geti.

Hofu yako iwe moja: asizuke mtu wa kulinganisha tarehe. Haki ya rufaa haina ubaya, na asiyekuwa na hatia ataihitaji kuliko wewe. Lakini Katiba imeipa Mahakama ya Juu siku 14 kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa rais, na Mahakama Kuu miezi 6 kwa kesi ya kiti cha mbunge. Rufaa ya jinai ya mwaniaji aliyetiwa hatiani haikuwekewa kikomo chochote humo, na uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027.