Shangazi, Nimempa GRUB Talaka Tatu

Shikamoo Shangazi. Kompyuta yangu ina Debian. Juzi diski ilijaa, nikaanza kufagia vifurushi. Nikamkuta grub-pc. Nikasema huyu simjui, nikaandika apt purge. Asubuhi nawasha, skrini nyeusi, maneno mawili tu: grub rescue. Kosa langu nini?
Mfagiaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Humjui? Huyo ndiye anayekufungulia mlango kila asubuhi, akishaiamsha kerneli anakaa pembeni. Ndiyo maana hujawahi kumshukuru.

Sasa sikia. Talaka hazilingani. Apt remove ni talaka rejea: programu inaondoka, mipangilio yake inabaki ndani ya /etc kama kanga zilizosahaulika kabatini. Ukiandika dpkg -l utaliona jina lake bado lipo, limetanguliwa na herufi rc. Yumo edani. Mkirudiana, anakuta vitu vyake palepale. Apt purge ni talaka tatu. Kanga zote nje, /etc/default/grub ikiwemo, pamoja na zile sekunde za kusubiri ulizozipanga mwenyewe.

Wala usinidanganye kuwa hukuonywa. GRUB hatoki kimya. Alikuuliza kama unataka mafaili yote ya /boot/grub yafutwe, akakwambia wazi kwamba mashine haitawaka ila kama ipo programu nyingine ya kuiamsha. Kadhi gani angekuuliza vizuri zaidi? Wewe ukajibu ndiyo, kwa kuwa kila ukiulizwa unajibu ndiyo.

Usifute diski, picha za harusi zimo salama. Washa kwa flashi yenye Debian, ufungue patisheni yako kwenye /mnt, uiunganishe na /dev, /proc na /sys, kisha uingie kwa chroot. Ukiwa na intaneti, sakinisha grub-pc, endesha grub-install kwenye diski nzima (/dev/sda, si /dev/sda1), halafu update-grub. Amri hiyo ya mwisho inazikagua kerneli zilizopo na kuliandika upya grub.cfg, kwa hiyo hilo usililie. Lia kwa yale uliyoyaandika kwa mkono.

Shangazi, mimi nililifuta /etc/default/grub kwa rm. Nimesakinisha kifurushi upya mara tatu, faili halirudi!
Mkaidi, Mombasa

Litarudije, na uliyelifukuza ni wewe? Debian ina adabu zake: mwenye nyumba akifuta faili la mipangilio, huo ni uamuzi wake, halirudishwi kinyemela. Nakala ya kiwandani iko /usr/share/grub/default/grub. Inakili mahali pake, uendeshe update-grub, na hiyo rm uiweke mbali na watoto.

Shangazi, mume wangu kila Ijumaa ananakili /etc yote kwenye flashi na kuifungia kabatini. Nina wasiwasi naye.
Mke, Tanga

Ana mdogo wake ambaye hajaoa?