Mwongozo wa Kuuziwa Kompyuta Makongolosi

Nenda siku duara lako la dhahabu limetema. Muuzaji ana macho: akiona buti zako zina vumbi la karasha la kusaga mawe na mfuko umevimba, atakuita "bosi" hujafika hata mlangoni, na ukishaitwa bosi huwezi tena kuuliza maswali ya mtu asiyejua. Uliza moja tu, lile analolingoja: "Ni Core i ngapi?" Atajibu saba. Lipa.

Hiyo saba ni ya kweli, hakuna aliyeighushi. Intel, watengenezaji wa prosesa, walileta jina la Core i7 mwaka 2008, i5 ikafuata 2009 na i3 mwaka 2010, kisha kila kizazi kipya kikaja na i3, i5 na i7 zake. Saba inataja cheo ndani ya kizazi. Kizazi chenyewe haikitaji. Ndiyo maana i7-3520M ya mwaka 2012, yenye viini viwili, inaweza kulala meza moja na i3-1215U ya 2022 yenye viini sita, na mteja akaipita i3 kwa dharau ilhali ndiyo yenye mbio. Muuzaji hajadanganya. Amenyamaza tu.

Ukilazimika kuuliza kizazi, uliza kwa sauti ya upole, ukubali jibu lolote.

"Kaka, hii ni kizazi cha ngapi?"

"Bosi, hii used ya Dubai, haijaguswa."

Hapo tikisa kichwa kama aliyeelewa. Namba ndefu iliyoandikwa baada ya i7 usiisome hata kidogo, kwa sababu inasema. Katika i5-8250U, hiyo 8 ndiyo kizazi. Katika i5-10210U, ni cha kumi. Wanaokosea zaidi ni wale wanaoiona i3-1215U wakadhani ni ya kizazi cha kwanza, wakati ni ya 12. Prosesa za kizazi cha kwanza zilikuwa na tarakimu tatu tu, kama i7-920. Na wewe uliyekwisha kuzizoea hizi, usifurahi: Desemba 2023 Intel ilianza kuuza Core Ultra, ikaidondosha ile herufi i, na hesabu ikaanza upya.

AMD, washindani wa Intel, nao hawakukusahau. Ryzen 5 7520U ilitoka 2022, na kwa kuanza na 7 inaonekana bichi kabisa. Angalia tarakimu ya tatu. Hiyo 2 maana yake viini vyake ni vya muundo wa Zen 2, uliotoka mwaka 2019. Dada yake 7540U, anayetofautiana naye tarakimu moja tu, ni Zen 4. Mimi hili naliita ujanja wa wasomi. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa asingelifikiria.

Ajabu ni kwamba wanaonunua hivi ni watu ambao kwenye mawe hawamwamini hata shemeji yao. Mtu akileta kiroba akisema kina dhahabu, huchukuliwa sampo, ikatwangwa, ikaoshwa kwenye karai, ndipo mazungumzo yaanze. Laptopu nayo ina karai lake: iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, fungua Performance, tazama palipoandikwa CPU. Jina lote la prosesa na idadi ya viini vitajitokeza hapo. Ni kazi ya dakika moja, kwa hiyo mnunuzi wetu anaiepuka. Anaangalia stika, na stika hubanduka na kubandikwa.

Steshenari utakayofungua kwa mashine hiyo itaendelea vizuri mpaka utakapotaka Windows 11. Hiyo kwa Intel inadai kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. i7 ya kizazi cha tatu bado itachapa barua na kuingiza nyimbo kwenye flashi, hilo nakubali bila ubishi. Ila mteja anayetaka umlipie leseni kwenye mfumo wa halmashauri anakukabidhi namba yake ya siri kwenye mashine ambayo huenda matundu yake hayazibwi tena.

Kama una fedha ya kompyuta ya mezani, omba Core i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, usiulize historia yake. Mwaka 2024 Intel ilikiri kuwa baadhi ya prosesa za mezani za vizazi hivyo zilikuwa zikiomba volteji kupita kiasi, zikachakaa na kuanza kuzimazima. Dawa ilianza kutoka Agosti mwaka huohuo kwa njia ya kusasisha BIOS, lakini inakinga tu. Iliyokwisha kuumia haiponi.

Kisha iweke karibu na karasha. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue, na feni iliyoshiba vumbi pamoja na joto la Oktoba vitaifikisha huko kabla ya saa nne asubuhi. Utalaumu mtandao.

Swali la mwisho ni la mji wenyewe: mle ndani kuna dhahabu? Ipo. Vigusio vya prosesa hupakwa dhahabu kwa kuwa hailiwi na kutu na hupitisha umeme vizuri, lakini utando wenyewe ni mwembamba mno. Zenye kitu ni za kale, za kauri. Pentium Pro ya 1995 ndiyo inayosakwa na wayeyushaji, na hata hiyo haifikishi gramu moja. Basi akikuita mtu mwenye ndoo ya prosesa na chupa ya asidi nyuma ya nyumba, akitaka muwe wabia, mwulize ni za mwaka gani. Akijibu kwamba hajui ila zinang'aa, mpe pole, na usimame upande unakotoka upepo. Ule moshi unaunguza mapafu.