Prosesa Mpya, Stima Ile Ile

Kisumu haina upungufu wa wataalamu wa prosesa ambazo hazijatoka. Ingia saiba yoyote karibu na Barabara ya Oginga Odinga utawakuta wakibishana: kompyuta za mezani zijazo zitamwacha Intel au hazitamwacha? Mmoja anaapa kwamba dalili ziko wazi. Si Apple ilitoka PowerPC ikahamia Intel mwaka 2006, kisha 2020 ikampa Intel talaka na kujiundia M1? Mwenzake anaongeza kwamba Windows nayo itahamia ARM, ukoo wa prosesa zilizo ndani ya simu zetu.

Ubishi wote huu unaendelea mbele ya mtumba wa Core 2 Duo uliotupwa na ofisi fulani Uingereza. Herufi A imefutika kwenye kibodi, UPS inalia pii-pii, na mteja aliyekuja kujaza ritani za kodi za KRA kabla ya Juni 30 anaambiwa, "Vumilia kidogo, mzee, bado inawaka."

Wakati huo Microsoft ilishasema lake. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 huzikataa karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Core 2 Duo, mzaliwa wa 2006, hata mlangoni haifiki.

Ndugu zangu wa saiba, msiache mbachao kwa msala upitao. Utabiri hauchapishi ritani. Nunueni SSD, diski ya kasi, mashine iwake upesi.