Hedimasta Hajala Siku Tatu

Kabichi tunazokula huku Kalemng'orok, Turkana, hutoka Kitale. Hupakiwa kwenye lori jioni, huteremka Marich usiku, hupita Kainuk, na hutufikia asubuhi zikiwa zimenyong'onyea kama abiria waliokaa kiti cha nyuma. Siku moja ya Julai gunia moja lilikuja na abiria kweli. Mama mboga alilifungua, akapiga ukemi, akarudi kinyumenyume mpaka akamkanyaga mbuzi wa jirani. Juu ya kabichi alikuwa amekaa kinyonga, kijani kibichi, hazidi urefu wa kiganja, ameshika jani kwa mikono miwili kama mtu anayesoma gazeti.

"Mwalimu," mama mboga akaniita. "Huyu ni wa kwenu huko. Mchukue."

Kwetu ni Kilifi. Ukitoka Kitale kwenda Kilifi unaivuka Kenya karibu yote. Lakini kwa wenyeji wa hapa, ukishapita Kainuk kuelekea kusini umeingia "Kenya", na sote tunaotoka huko Kenya ni watu wa boma moja, pamoja na wadudu wetu.

Ningekataa. Bibi yangu alitulea tukijua kwamba kinyonga hutazamwa kwa mbali, na akikukatia njia unarudi nyumbani, unakunywa maji, unaanza safari upya. Bibi hakuwa peke yake kwa hilo. Wazulu husimulia kwamba Mungu alimtuma kinyonga akawaambie watu hawatakufa, naye akachelewa njiani akila matunda ya porini, mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Mnyama mwenye kesi kama hiyo humbebi mkononi kwa raha. Lakini soko zima lilikuwa likitazama, wakiwemo wanafunzi wangu watatu wa Gredi ya Sita, na juzi yake tu nilikuwa nimewahubiria kuhusu ujasiri. Nikanyoosha mkono. Akapanda kidole kwa kidole, na vile vikucha vyake vikanikwaruza hadi moyoni.

Jina nalo lilikuja siku hiyohiyo. Mwaka 2006 wataalamu walipotafuta jina la kundi moja la vinyonga wa Afrika Mashariki, waliingia kwenye kamusi ya Kiswahili wakatoka na Kinyongia. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliingia ofisi ya walimu nikatoka na Hedimasta. Alikuwa na mwendo wa mwalimu wetu mkuu: hatua moja mbele, nusu nyuma, kama anayewaza iwapo bajeti itatosha. Jicho moja lilikuwa kwa wanafunzi, la pili kwa walimu, wala hukujua umeonwa na lipi. Kwamba ni dume, sikuwa na shaka hata kidogo. Uhakika huo niliutoa wapi, mpaka leo sina jibu.

Nilimkatia tawi la mathenge, nikalichomeka kwenye jerikeni bovu, nikaliweka pembeni ya kitanda. Siku ya pili akaanza kupauka.

Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi huko unavaa sweta. Kalemng'orok saa nne ya asubuhi bati la nyumba yangu huanza kulia ta, ta, ta, na saa sita ukiliegemea unabaki na kumbukumbu mgongoni. Watu wengi hudhani kinyonga hubadili rangi ili ajifiche. Kumbe hubadilika kwa hasira, kwa mapenzi, kwa baridi na kwa joto. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ngozini mwake mna fuwele ndogo mno, naye akizitenganisha au kuzisogeza karibu, rangi inayorudi machoni mwetu inabadilika. Hayo nimeyasoma baadaye. Wakati ule nilichokuwa nacho ni kinyonga mweupe kama chaki, mdomo wazi, ameketi juu ya shuka yangu ya kijani wala hajishughulishi kufanana nayo. Nikasema, huyu anakufa mikononi mwangu, na mkosi wa bibi utaanza kufanya kazi.

Nikamwekea maji kwenye kifuniko cha chupa. Akakikanyaga, akapita. Nikachanganya chumvi na sukari kama tunavyofundishwa kwa mtoto anayehara, nikamkaribishia kwa kijiko. Akafumba macho, yote mawili, na kwa kinyonga kufumba macho mchana si jambo la heri. Mama wa kibanda cha chai akaniletea maji ya echuchuka, ule mshubiri wa huku ambao uchungu wake humfufua marehemu. Nilionja kwanza mimi, kwa uadilifu wa kidaktari. Mchana huo sikufundisha kipindi cha tatu.

Siri niliipata kwa bahati, nikinawa mikono kabla ya ugali. Matone yaliruka yakatua kwenye jani la mathenge, na Hedimasta, mgonjwa mahututi, akalisogelea lile jani akalilamba mpaka likakauka. Kumbe kinyonga hanywi maji yaliyotulia. Hata akikiona kifuniko kimejaa, kwake si maji. Maji ni umande na matone ya mvua. Basi nikatoboa chupa ya plastiki kwa sindano, nikaining'iniza juu ya tawi, ikawa inadondosha tone moja baada ya jingine kama dripu ya wodini.

Hapo ndipo nilipopata aibu ambayo sijaimaliza. Mama jirani alipita na jerikeni la lita ishirini kichwani. Alikuwa ametoka kuchimba maji kwenye laga, mle kwenye mchanga wa mto mkavu, na kuyachota kwa kikombe, kikombe kimoja kimoja. Akasimama mlangoni. Akaitazama chupa, akalitazama tone, akamtazama kinyonga, kisha akanitazama mimi. Hakusema kitu. Akaenda zake, na shingo yake haikutikisika wala jerikeni halikumwagika. Tangu siku hiyo dripu ilifanya kazi dakika kumi asubuhi na kumi jioni, mlango ukiwa umefungwa, na chini yake kulikuwa na sufuria.

Chakula ndicho kilichonishinda. Kinyonga hali mfu, anataka kinachotembea. Mwaka 2020, nzige walipoifunika Turkana, Hedimasta angefungua hoteli. Julai ile panzi walikuwa wa kutafuta kwa tochi. Nikawatangazia Gredi ya Sita kwamba kila panzi hai ni alama moja ya mradi wa sayansi, na kwa siku mbili darasa langu lilihamia porini. Waliniletea panzi, chenene, tandu mmoja niliyemkataa kwa adabu, na nzi wapatao hamsini ndani ya chupa ya soda, kana kwamba nyumbani kwangu kulikuwa na upungufu wa nzi. Hedimasta aliwatazama wote kwa jicho moja moja. Ulimi wake, ambao ukinyooka hupita urefu wa mwili, hakuufungua hata kwa salamu. Na tumbo, badala ya kupungua, likawa linajaa.

Siku ya tatu ya mgomo huo nikaamua kumwandikia daktari wa mifugo niliyemjua Lokichar. Mtandao wetu hauna ratiba. Ukiutaka, unapanda kichuguu kilicho nyuma ya choo cha walimu, unainua simu juu, unangoja. Nilipanda usiku, gizani, nikaandika haraka:

"Daktari, Hedimasta hajala siku tatu. Amekuwa mweupe kabisa. Anakaa mdomo wazi, tumbo limevimba, na usiku anajaribu kupanda ukuta. Nimempulizia maji, haisaidii. Nikimshika ananifokea. Tafadhali njoo na dawa."

Ujumbe ukaenda. Nikateremka nimeridhika. Asubuhi nilipopanda tena kutazama jibu, ndipo nilipoona kwamba ule ujumbe ulikwenda kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu. Nikamtumia daktari nakala yake upesi, nikaanza kuandika maelezo ya kujitetea kikundini, na mtandao ukakata.

Ingekuwa siku ya kawaida, mwalimu mkuu angetokea paredi na mambo yangeisha. Lakini alikuwa Lodwar tangu Jumatatu, mkutanoni, na simu yake, kama inavyotokea mikutanoni, ilikuwa imezimwa. Kufikia saa nne habari ilikuwa kwenye kibanda cha chai. Kufikia saa sita ilikuwa imeshavuka barabara na kuongezewa nyama: kwamba amerudi usiku akiwa hajitambui, kwamba anapanda kuta, kwamba ni mimi ninayemficha. Nilikimbia huku na huku nikisema, "Ni kinyonga! Hedimasta ni kinyonga!" Sikujua kwamba maneno hayo, yakitoka kwa mwalimu mzima anayetokwa jasho, hayatulizi mtu.

Mwalimu mkuu aliteremka kwenye matatu ya Lodwar saa kumi jioni akiwa na mkoba na samaki wa kukaushwa. Uani kwake alikuta watu kama arobaini. Katekista alikuwa amesimama, mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo, wazee wameketi juu ya vigoda vyao kivulini.

"Nani amefariki?" akauliza.

Katekista akamtazama kuanzia viatuni hadi kofiani. "Mwalimu, karibu. Tulisikia huli."

Mwalimu mmoja, ambaye namsamehe polepole, akamkabidhi simu. Mkuu akavaa miwani akausoma ujumbe wangu kwa sauti, taratibu, akisimama kwenye kila nukta kama anayesahihisha insha. Alipofika "nikimshika ananifokea" alinyamaza, akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya mbuzi.

Sijui ningesema nini. Kabla sijafungua mdomo, pikipiki ikaingia uani. Alikuwa daktari wa mifugo mwenyewe, na kisanduku cha barafu nyuma. Alikuwa njiani kuchanja mbuzi. Ujumbe wangu ulimfikia, ila hakuambiwa kuhusu umati. Akazima injini, akauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ambo ya laga:

"Hedimasta yuko wapi? Hebu nimshike tumbo!"

Nikakimbia nyumbani nikaleta sanduku la chaki. Nilipomtoa, ua ulipanuka ghafla. Hata wazee walihama na vigoda vyao. Daktari alikiri papo hapo kwamba hajawahi kutibu kinyonga. Lakini mbuzi amewashika maelfu, na alimshika huyu hivyohivyo, kidole gumba huku na cha shahada kule, akipapasa mbavuni na macho yake yakiwa mbali kwenye vilima. Hedimasta akafoka. Daktari akatabasamu.

"Hana ugonjwa," akatangaza. "Hedimasta ana mimba. Na karibu atazaa."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Katilu. Mama wa chai alipiga vigelegele. Mwalimu mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema kwamba kesho saa mbili kamili ningeonana naye ofisini, wote wawili, mimi na mjamzito. Mbuzi, kwa kuwa alikwisha kufungwa, alichinjwa. Nimelipa nusu ya bei yake, nusu iliyobaki inangoja mshahara.

Kuanzia jioni ile aliitwa Madam. Alizaa siku mbili baadaye, saa moja asubuhi. Nilitegemea mayai, kwa sababu kinyonga ninayemjua mimi wa pwani huchimba shimo akataga. Lakini wapo vinyonga wa milimani ambao udongo wa kwao una baridi mno kwa mayai, basi huyabeba tumboni mpaka watoto wawe tayari. Wakadondoka mmoja mmoja kwenye shuka, ndani ya utando mwembamba, kila mmoja hazidi kijiti cha kiberiti, akajinyoosha, akatembea. Niliwahesabu: kumi na mmoja. Mama yao hakugeuka kuwatazama. Alikula panzi wanne mfululizo, kisha akamwelekezea jicho mwanawe mmoja kwa namna ambayo sikuipenda, nikawatenga.

Sasa nilikuwa na vinyonga kumi na wawili na hofu mpya. Sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila leseni, na haijali ukubwa wake: Mei 2025 mahakama ya Nairobi iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji shilingi milioni moja kila mmoja kwa sababu ya sisimizi. Kweli walikuwa sisimizi malkia wapatao 5,000, lakini nilipopiga hesabu ya mwalimu, hata kwa kumi na wawili sikuona pa kuanzia. Nikampigia afisa mmoja wa wanyamapori nikamweleza yote toka kabichi. Alicheka muda mrefu kwa fedha yangu ya simu, kisha akasema nimrudishe alikotoka, na nisichelewe.

Shule zilipofungwa Agosti nilipanda matatu ya Kitale na sanduku la chaki mapajani. Kiti cha mbele yangu aliketi mzee wa Kiturkana, mkongojo mkononi, kofia yenye unyoya mrefu wa mbuni. Kabla ya Kainuk nilichungulia kwenye matundu, nikahesabu watoto. Kumi. Nikahesabu tena, nikatafuta kolani mwangu, kwenye mfuko, chini ya kiti. Nilipoinua kichwa nilimwona wa kumi na moja. Alikuwa kwenye ncha ya unyoya wa mzee, ameushika kwa mikono miwili, akipepea na upepo wa dirishani.

Nilifikiri kusema. Nikakumbuka umati wa uani, nikafikiria watu kumi na wanne wakitoka kwa mlango mmoja. Kwenye kizuizi cha Kainuk askari alitia kichwa ndani, akakagua vitambulisho, akamtazama mzee.

"Kofia safi, mzee."

Mzee akainyoosha kwa vidole viwili, pale pembeni tu. Tukapanda Marich, kona baada ya kona, mimi sipepesi jicho. Makutano kulikuwa na manyunyu na baridi ya kweli. Mzee akagonga bati kwa mkongojo, akateremka, akavuka barabara polepole kuelekea upande wenye miti, kofia wima, na kile kinyonga kichanga juu ya unyoya kikiwa kimeshaanza kuwa kijani.