Mheshimiwa Waziri, Msiifute Marufuku ya Viboko

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Kinshasa
Kutoka Katogota, bonde la Ruzizi, eneo la Uvira
Kuhusu: Kudumisha marufuku ya kuwinda viboko ovyo, pamoja na ombi dogo la ziada

Mheshimiwa Waziri,

 Barua hii ikikufikia imepungua kurasa, usimlaumu mwandishi. Kati ya Katogota na Kinshasa vizuizi ni vingi, na kila kizuizi kina mabwana wanaodai chochote kinachopita.

Huku mtoni kuna manung'uniko. Kiboko hutoka Ruzizi giza likiingia, akatembelea mpunga na mahindi yetu, na alfajiri mwenye shamba anakuta nyayo na matope. Kwa hiyo wapo jirani zangu wanaosema sheria ya kumlinda ifutwe, kila mtu ajipatie nyama. Mimi nasimama upande wa kiboko. Wala simpendi. Huyo mnyama anaua watu mtoni na ufukweni Uvira, na hajawahi kuja matangani. Namtetea kwa sababu nimeisoma sheria, jambo ambalo hapa kwetu tunalifanya wachache, na wanaotakiwa kuitekeleza hawamo.

Sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982 ni nzuri kweli. Inasema mwindaji awe na kibali, na kwamba kuna msimu wa kuwinda na msimu wa kufunga. Ile ya 11 Februari 2014 ikaja kukazia ulinzi wa viumbe na makazi yao. Tatizo letu ni kwamba katika bonde hili kibali cha kuwinda hakitolewi ofisini. Kinabebwa begani, na kina risasi thelathini. Mkiifuta marufuku kesho asubuhi, mkulima wa Katogota hataonja hata supu. Ana jembe na panga, na kiboko ana tani moja na nusu na hasira. Atakayefaidi ni mwenye kalash. Atauza nyama kwa bei yake, atavusha meno mpaka, kisha ataturudia sisi kutuomba mchango wa risasi alizotumia.

Msidhani nabuni. Kaskazini, kwenye ziwa Edward ndani ya hifadhi ya Virunga, miaka ya 1970 viboko walikuwa karibu 30,000, kundi lililotajwa kuwa kubwa kuliko yote duniani. Kufikia 2006 hawakufika hata 1,000. Wanajeshi walikula, waasi walikula, wanamgambo wa Mai-Mai wakala, na angalau mara hiyo moja pande zote za vita zikaafikiana juu ya jambo fulani. Wavuvi wa Vitshumbi, kando ya ziwa hilo, ndio waliolipa. Kiboko hula majani usiku kucha, kilo 40 hivi, kisha mchana anarudisha majini kile alichokula, na mbolea hiyo inalisha vijimea vinavyolisha samaki. Viboko walipokwisha, nyavu nazo zikaanza kurudi nyepesi. Sisi wa Ruzizi, ambao mto wetu unaishia Tanganyika kwenye ndagala na mikeke, tungepaswa kulisikia hilo kwa makini kidogo.

Tena kiboko wetu ana bahati ya jiografia. Kule chini kwenye delta, upande wa Burundi, akilala majini yumo ndani ya hifadhi ya taifa ya Rusizi, ana cheo na watalii wanampiga picha. Akivuka huku anakuwa Mkongomani, na matatizo ya Mkongomani yanamwanzia palepale.

Nimesikia pia habari za Uingereza, nikaona nikuletee kama faraja. Kule watu walizoea kuvaa makoti mekundu, kupanda farasi na kumkimbiza mbweha kwa kundi la mbwa, mnyama ambaye hata walipomkamata hawakumla. Bunge lao lilipotaka kulipiga marufuku jambo hilo, mwaka 2002 watu zaidi ya laki nne waliandamana London kuwatetea watu wa mashambani na uwindaji wao. Laki nne! Sisi huku tungepata laki nne tungeandamana kuomba maji ya bomba. Sheria ilipita 2004, ikaanza kazi Februari 2005. Tangu hapo mbwa wao hufuata tu harufu iliyopakwa njiani, na mbweha, kwa bahati mbaya yake, hujikuta amesimama hapohapo. Lugha hiyo tunaifahamu. Hata hapa hakuna aliyewahi kumwinda kiboko. Kiboko ndiye hupita mbele ya bunduki ambayo tayari inalia.

Karibu zaidi nasi, Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977. Mwishoni mwa 2004 bunge lao likapitisha muswada wa kuufungulia mlango, Rais Kibaki akakataa kutia sahihi. Nalitaja hili ili ujue kwamba kalamu ikikaa mfukoni nayo inaweza kufanya kazi ya maana. Wewe una mfuko, Mheshimiwa.

Sasa naja kwenye ombi dogo.

Msimu wa kufunga uwindaji ni wazo zuri kupita kiasi: mnyama anapumzika, anazaa, anasahau mlio wa bunduki. Nimeipekua sheria ya 1982 nikitafuta kama msimu huo unawahusu pia wakazi wa Katogota. Sikuuona. Tarehe 14 Mei 2000 wenye silaha waliingia kijijini hapa wakaua watu nyumba kwa nyumba, akina mama na watoto wakiwemo, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa hayo. Sheria ya kumlinda kiboko ilikuwa na karibu miaka 18 wakati huo. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipofika Kamanyola jirani yetu, kijiji kimekuwa kati ya wenye bunduki wa huku na wenye bunduki wa kule, na kila upande unasema umekuja kutulinda. Ulinzi ukizidi hivyo, mtu hukimbilia ng'ambo ya mto akiwa na godoro kichwani.

Basi dumisheni marufuku ya kiboko, na mtuletee walinzi wa ICCN, taasisi yenu ya kuhifadhi wanyama, wenye viatu na mshahara. Tuchimbieni mitaro pembezoni mwa mashamba ili mnyama na mpunga wasikutane. Anayepoteza shamba alipwe. Hayo yakishatimia, mtuandike na sisi kwenye orodha ya viumbe wasiowindwa. Hatudai mwaka mzima. Mtufungie miezi ya kupanda na ya kuvuna, mingine tutazungumza.

Kama kikwazo ni kwamba orodha hiyo ni ya wanyama tu, msisumbuke kubadili sheria. Tupeni masharti. Kushinda mtoni mchana tunaweza, na kula majani usiku tumeshaanza.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Katogota