Sifa za Mheshimiwa 44,100

Mnazi umeshasifiwa, jahazi limeshasifiwa, na kila bwana harusi wa pwani ameshamwagiwa sifa ambazo mkewe atazitafuta maisha yake yote asizione. Naomba na mimi zamu. Ninayemsifu ni namba inayolaaniwa usiku wa manane na watu waliovaa hedifoni za bei mbaya: 44,100. Hiyo ndiyo idadi ya vipimo vya wimbi la sauti, au sampuli, ambazo CD hubeba kwa kila sekunde ya muziki.

Nianze na nasaba, maana mtu hasifiwi kabla hajatajiwa babu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 diski za kompyuta hazikuwa na ubavu wa kubeba muziki wa kidijitali wa saa nzima, kwa hiyo mafundi wakauficha ndani ya mkanda wa video. Sauti ilivalishwa sura ya picha, na mashine ikainasa ikidhani inanasa sinema. Mkanda wa Marekani na Japani ulikuwa na nusu-picha 60 kwa sekunde, kila moja na mistari 245 iliyofaa, kila mstari ukabeba sampuli tatu. Zidisha. Mkanda wa Ulaya ulikuwa na nusu-picha 50, mistari 294, sampuli tatu zilezile. Zidisha tena. Upande wa baba au upande wa mama, anatoka yuleyule: 44,100. Philips na Sony wakamwandika katika kanuni za CD mwaka 1980, na mwaka 1982 diski zikaingia madukani Japani. Sikio zima la binadamu hukomea kwenye hezi 20,000 hivi, nadharia inadai sampuli zaidi ya mara mbili ya hapo, na ziada ndogo inayobaki ni nafasi ya kuchujia. Kwa hiyo mtoto huyu wa mkanda wa video hata kazi anaiweza. Tena ni mraba wa 210, yaani mbili, tatu, tano na saba, kila moja ikiwa imezidishwa kwa nafsi yake kisha zote zikakutanishwa. Wapo wafalme waliovikwa taji kwa nasaba hafifu kuliko hiyo.

Hasimu wake ni 48,000, namba ya kiofisi. Imenyooka, haina makuu, inakubalika kwenye DVD na kwenye kamera, na kompyuta nyingi huja nayo ikiwa imeshawekwa tangu kiwandani. Namba mbili hizi hazipatani. Uwiano wao ni 160 kwa 147, na ukihangaika kuupunguza utakesha. Kwenye Windows, na hali kadhalika kwenye Linux, yupo mchanganyaji anayekusanya kila mlio: wimbo, kengele ya barua pepe, tangazo la video iliyojifungua yenyewe. Vyote lazima vitoke kwa mwendo mmoja, na mwendo huo ni ule ulioandikwa kwenye mipangilio ya spika. Ikiwa ni 48,000, mchanganyaji anachukua sampuli 147 za wimbo wako na kurudisha 160. Katika hizo 160, moja tu ndiyo iliyoangukia pale alipopima fundi wa studio. Mpiga kanuni wa taarabu kadonoa uzi wake vizuri kabisa, na anayefika sebuleni kwako ni ndugu mmoja na wageni 159.

Na mheshimiwa asipobadilishwa, akaendeshwa tu kwa mwendo wa 48,000? Wimbo unapanda karibu nusu-toni moja na nusu, na wa dakika tano unamalizika sekunde 24 kabla ya wakati wake. Bibi mwimbaji anarudi kuwa mwari, na fidla zinakimbia kama zimesikia adhana ya kufuturu. Mwenye shughuli ya kuwahi angeipenda kompyuta ya namna hiyo.

Kusema kweli (na msifiaji haruhusiwi kuusema sana), wabadilishaji wa leo ni hodari, na wengi wetu hatuwezi kuisikia tofauti. Zamani ndiko kulikuwa na tabu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kadi nyingi za sauti za kiwango cha AC'97 zilijua 48,000 peke yake, na hesabu zao zilikuwa za haraka haraka. Matoazi yalitoka na milio ya pembeni ambayo hakuna binadamu aliyeipiga.

Ni mheshimiwa aliyetufundisha kufungua mipangilio. Kwenye Windows tumejua kufika hadi mipangilio ya kina ya kifaa, tukakuta orodha inayopanda mpaka 192,000, ambayo wengi huichagua kwa sababu ndiyo kubwa. Lakini ndoo kubwa haiongezi maji. Kwenye Mac tumeijua programu ya Audio MIDI Setup. Kwenye Linux tumeuruhusu mfumo wa sauti wa PipeWire ufuate mwendo wa wimbo unaochezwa. Tumejifunza pia kushusha sauti desibeli mbili tatu ndani ya programu ya muziki, maana sampuli mpya inayokokotolewa katikati ya mbili zilizogusa dari yaweza kulitoboa. Na kwa Windows kuna neema ya matumizi ya pekee: programu ya muziki inaishika kadi yote, inaiamuru iende kwa 44,100, na vingine vyote vinafungwa mdomo. Simu ya video ya shemeji haiiti kwenye spika hizo. Udhuru wa namna hii hata kadhi angeupokea.

Hasimu naye hajalala. Opus, mfumo wa kubana sauti uliopitishwa mwaka 2012, ndio unaobeba ujumbe wa sauti wa WhatsApp na sehemu kubwa ya sauti ya YouTube, na haumtambui 44,100 kabisa. Wimbo wa CD ukipandishwa YouTube na kubanwa kwa Opus hugeuzwa kuwa 48,000. Kisha yupo yule mtiifu aliyeiweka kompyuta yake kwenye 44,100 kwa heshima ya mheshimiwa. Anausikiliza ukiwa umegeuzwa mara ya pili, umeenda Kigoma mwisho wa reli na kurudi, halafu anautuma kwa Bluetooth kwenye kispika kinachoubana upya, na anatuambia anasikia usafi. Siku ya YouTube, bwana, weka 48,000. Mheshimiwa hatanuna.

Wanaosema muda wake wa kustaafu umefika, kwa kuwa CD haziuziki, wafungue folda zao za muziki, wazitazame MP3 zao za taarabu au za dansi kwa programu inayoonyesha idadi ya sampuli, na wasome namba iliyoandikwa hapo mara nyingi.