Muulize Senge: Bahari Hindi Sebuleni, Bokoli

Juma hili mfuko wa barua umejaa maji ya chumvi. Tangu picha za sebule fulani ya Webuye zizunguke kwenye simu, tangi la kioo, taa za buluu, samaki wa rangi saba, kila mwenye stima na ukuta mtupu kati ya Kitale na Bungoma anataka kipande chake cha Bahari Hindi. Shangazi yenu hakatazi. Amewaona watu wa huku wakichimba mabwawa ya ngege mwaka 2009, serikali ilipotangaza mabwawa 200 kwa kila eneo bunge lililochaguliwa, na mengine leo yanafuga vyura. Huyo ngege alikuwa mnyama wa kwetu, anakula pumba na kuvumilia matope. Hawa mnaowataka sasa hawavumilii chochote. Tuendelee.

*Senge, mimi ni mwalimu hapa Bokoli. Fundi wa vioo wa Bungoma amenitengenezea tangi la lita 200. Ndugu yangu ni dereva wa lori la Mombasa, amekubali kuniletea maji ya bahari kwa mitungi. Mke wangu anasema tusisumbue watu, chumvi si iko dukani? Tuamulie. — Mwalimu wa Sayansi*

Mwalimu, mmekosea nyote wawili, ila ndugu yako amekosea kidogo.

Nianze na mama watoto. Chumvi yetu nyingi huvunwa Gongoni, kaskazini ya Malindi, kwenye mabwawa ambamo maji ya bahari huachwa juani yakauke. Vinavyoganda mwanzo ni chokaa na jasi, navyo huachwa nyuma. Chumvi yenyewe hufuata. Magnesi hubaki katika yale maji machungu ya mwisho. Pakiti inayofika Bokoli, kwa hivyo, ni chumvi tupu iliyoongezwa madini joto, na sukuma wiki haihitaji zaidi ya hapo. Tumbawe utakalofuga linahitaji. Linajenga mifupa yake kwa kalisi, kiasi cha miligramu 420 katika kila lita ya maji, na bila magnesi ya kutosha hiyo kalisi haitulii majini. Ukilitia katika chumvi ya jikoni litakufa, na wewe utabaki na supu.

Ndugu yako sasa. Maji ya bahari yenyewe yanafaa, mradi yachotwe mbali na bandari na mbali na midomo ya mito. Lakini piga hesabu, wewe si mwalimu? Lita 200 ni mitungi 10 ya lita 20, na hiyo ni ya kujaza tu. Baadaye kila wiki utatoa sehemu moja ya kumi ya maji na kurudisha mapya. Huo ni mtungi mmoja kila wiki, krismasi na pasaka, kutoka zaidi ya kilomita 800. Siku tajiri akimhamishia ndugu yako njia ya Juba, bahari yako imefika mwisho.

Agiza chumvi ya akwariamu kutoka Nairobi. Utahitaji gramu 35 hivi kwa lita, yaani kilo 7 za kuanzia. Ikoroge kwenye pipa la plastiki, pampu izungushe usiku kucha, kisha upime uzito wa maji kwa haidromita mpaka isome 1.025. Usikadirie kwa ulimi. Najua utajaribu.

Umesahau kuniuliza maji ya kukorogea, na hapo ndipo wengi wa huku wanapoteleza. Ya kisima yamebeba chuma, na pengine mbolea ya mashamba ya miwa na mahindi. Ya mvua ni mazuri sana yakiwa bado hewani. Yakigusa mabati yanalamba zinki, ambayo wewe utainywa na kuendelea kufundisha, lakini konokono wa baharini na matumbawe hawaihimili. Shaba ni mbaya zaidi. Nenda kwenye yale maduka ya kujaza maji ya kunywa mjini, mengi yana mashine inayosukuma maji kupitia utando. Beba kile kipimo kidogo kama kalamu kinachosoma madini yaliyoyeyuka, uchovye mbele ya mwenye duka. Kikikaribia sifuri, lipa. Kikisoma mia na kitu, mshukuru, uende kwa jirani yake.

Na hilo tangi hujaniambia utaliweka wapi. Nisikie ni juu ya kabati la televisheni! Lita 200 ni kilo 200, ongeza kioo, mawe na mchanga, hapo una karibu magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Je, ungeyapanga juu ya kabati lile? Muite seremala, au jenga meza ya matofali.

*Shikamoo Senge. Naandika kutoka Kitale nikiwa na aibu. Mume wangu ana tangi kubwa sebuleni. Ndani kuna maji, mawe na omena wawili waliokufa. Ni wiki ya nne. Kila jioni anachota maji, anayatia dawa kwenye vichupa, anatazama rangi, anaandika daftarini. Wakwe wamekuja mara mbili kuona samaki. Shemeji anasema tumpeleke kwa maombi. — Mama wa Watatu*

Marahaba, binti yangu. Usimpeleke popote. Ukiniuliza, huyo ndiye mwanamume mwenye akili kuliko wote walioniandikia mwaka huu.

Samaki anapojisaidia majini hutoka amonia, ambayo ni sumu. Baharini haina madhara, kwani bahari ni kubwa. Ndani ya tangi, samaki anaogelea chooni mwake. Kinachomwokoa ni bakteria wanaokaa kwenye mawe na mchanga: kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, nayo ni sumu, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaweza kuistahimili kwa kiasi. Hao bakteria hawanunuliwi wakaja siku hiyo hiyo wakashika kazi. Wanakua polepole, wiki nne hadi sita, na huwezi kuwakuza bila kuwapa chakula. Wale omena wanaooza ndio chakula chao. Zile rangi za vichupani zinamwonyesha amonia ikipanda na kushuka, kisha nitriti ikipanda na kushuka. Siku ambayo zote mbili zitasoma sifuri, ndipo atakapotafuta samaki, na hata hapo aanze na mmoja au wawili wadogo. Akija na kumi kwa mkupuo, bakteria watazidiwa.

Mawe yataota utandu wa kahawia halafu mwani wa kijani. Wakwe watasema amefuga uchafu. Ni hatua, itapita, usije ukamsaidia kwa kusugua na sabuni siku akiwa kazini.

Muulize mambo mawili tu. La kwanza, kama ana hita. Usiku wa Kitale unashuka mpaka digrii 12 hivi, na viumbe hawa wamezoea 25 au 26. Mtu wa Mombasa hununua mashine ya kupoza tangi. Sisi tunanunua ya kupasha, tena aweke mbili ndogo, moja ikiharibika nyingine iokoe jahazi. La pili, maji yakipungua kwa kukauka anaongeza nini. Chumvi haikauki pamoja na maji, inabaki. Kwa hiyo anaongeza maji matamu yaliyochujwa. Anayeongeza ya chumvi kila siku atafika mahali haidromita inasoma 1.030 na tumbawe limejifunga halitaki kuona mtu.

Wakwe wakirudi, wape chai, waonyeshe daftari.

*Senge, nilinunua samaki wanne Mtwapa, wakaja kwa basi la usiku. Mifuko ilifika Webuye imevimba, mmoja ulikuwa umepasuka, samaki wawili wamelala ubavu. Kondakta anasema si makosa yake. — Mpenda Rangi, Webuye*

Kondakta anasema kweli, makosa ni ya Timboroa. Mfuko ulifungwa usawa wa bahari, ukapandishwa mpaka huko, zaidi ya mita 2,600 juu, kabla ya kuteremka kuja kwenu. Huko juu hewa ni nyepesi, na gesi ya ndani inatanuka kwa zaidi ya robo. Mfuko uliojazwa hadi shingoni unavimba kama mandazi kwenye mafuta. Kisha kuna baridi ya saa tisa usiku. Safari nyingine mwambie muuzaji atumie mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, aache nafasi, atie oksijeni badala ya hewa ya kupuliza, asiwalishe siku moja au mbili kabla, na aweke yote ndani ya boksi jeupe la kuhifadhia baridi, ambalo huhifadhi na joto.

Linauma kidogo, hili. Samaki wa urembo wa pwani yetu wamekuwa wakipandishwa ndege kwenda Uingereza na Marekani kwa miaka mingi, wakifungwa na watu wanaojua kazi. Kangaja wa Shimoni huiona London kabla hajaiona Webuye.

Nyinyi mnaoishi kwenye mita 1,500, kumbukeni pia kwamba hata majini oksijeni ni pungufu, kama asilimia 15 chini ya ile ya pwani. Pampu ichafue uso wa maji mchana na usiku. Na stima ikipotea, muwe na pampu ndogo ya betri. Saa chache za maji yaliyosimama katika tangi lililojaa zinatosha kuwaua wote.

*Mama mkwe wangu amegoma kulala kwangu. Usiku tangi linalia: ko! ko! Asubuhi samaki mmoja hayupo, hata mwiba hauonekani. Yeye anasema kuna mtu wa usiku anaingia. Jiwe nililetewa na binamu yangu kutoka ufukweni Msambweni. — Mkwe Mwema, Misikhu*

Mtu wa usiku hana haja na samaki wa inchi mbili. Aliyeingia aliingia ndani ya jiwe. Kuna kamba mdogo mwenye gando moja kubwa analolifyatua mpaka unadhani kioo kimepasuka. Huyo ni kelele nyingi, madhara machache. Lakini samaki wakipotea, mshuku jamaa mwingine anayekunja mikono kifuani na kupiga ngumi, anayevunja konokono mchana kweupe. Zima taa, keti na tochi uliyoifunga karatasi nyekundu, uone ni shimo gani. Chupa ya plastiki iliyokatwa shingo na kugeuzwa, ndani kipande cha nyama, hunasa wengi. Usitie mkono.

Kuhusu binamu: aache. Mawe hai na matumbawe hayaokotwi ufukweni kama kuni. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hayavuki mpaka bila vibali, na miamba yetu bado inajiuguza tangu joto la mwaka 1998 lilipoiunguza ikabaki nyeupe. Tumia mawe makavu ya matumbawe ya kale, yale yanayochimbwa kwenye machimbo ya pwani kujengea nyumba. Yana vitundu, bakteria wanayapenda, na hayaji na mgeni ndani.

*Je, pweza anafugika? — Kijana, Chwele*

Hapana. Atafungua kifuniko usiku, mtamkuta nyuma ya friji. Na ukimlinda vizuri sana atakufa kwa uzee baada ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Pale Chwele mna shamba la samaki, nenda ukanunue vifaranga vya ngege.

*Senge, nilikuwa na Nemo wawili, baba na mama. Mama alikufa. Sasa baba amenenepa, anamfukuza dume jipya nililomletea, na muuzaji ananiambia huyo baba sasa ndiye mama. Nirudishiwe pesa? — Baba Nemo, Bungoma*

Hurudishiwi kitu, umepewa ulichonunua. Samaki hawa wote huanza wakiwa madume. Mkubwa wa nyumba huwa jike, anayemfuata huwa mume, wengine hubaki wadogo wakingoja. Jike akifa, mume hupanda cheo akawa mke, na hakuna kurudi nyuma. Ile filamu ya Nemo ya 2003 ingefuata sheria ya majini, baba anayemtafuta mwanawe angekuwa mama kabla ya nusu ya kwanza kwisha. Na Nemo wa filamu hapatikani upande wetu wa bahari. Pwani ya Kenya ana ndugu zake wengine, mmojawapo mweusi wa mistari miwili myeupe. Mlete mume mdogo kwa umbo, atapigwa kidogo, atainamisha kichwa, watapatana. Wazee wakiuliza mahari nani alipe, sema suala liko kwa wataalamu.

*Senge, haraka! Khocha wangu, yaani mjomba, alikuja kutembea, akanywa, akasema hata samaki ni wageni, akamimina glasi nzima ya chang'aa ndani ya tangi. Maji yanaanza kuwa meupe. Nifanye nini, na nimwambie nini? — Mpwa, Bokoli*

Washa kila pampu uliyo nayo sasa hivi, kisha usome.

Khocha wako, bila kujua, amefanya jambo wanalofanya wafugaji wa Ulaya na Marekani. Wao hudondosha vodka kwenye tangi, matone kwa siku, kwa wiki nyingi. Bakteria hula ile pombe, huongezeka, na katika kuongezeka hutumia nitreti, maji yakasafika. Tofauti ni glasi. Kwa glasi nzima bakteria hulipuka wote kwa pamoja, ndio huo weupe unaouona, na wanavuta oksijeni yote wakiwaacha samaki wakihema juu. Tena vodka ni pombe na maji, ya khocha wako sijui mpishi alitia nini. Badilisha robo ya maji leo na robo kesho, yaliyokorogwa tayari. Kama una mashine ya kutoa povu, ifungulie yote. Usilishe kwa siku mbili. Weupe utaondoka.

Kumkemea huwezi. Huyo ndiye uliyemwendea kudai ng'ombe wako mwezi wa Agosti ulipotahiriwa, na alikuvisha luliki ya nyama yake shingoni mbele ya watu. Mkaribishe tena, kiti chake kikiwa upande wa pili wa sebule, na tangi ulifunike.